Tamthiliya inawezaje kubeba jakamoyo la bahari bila kugeuka hotuba?

MwalimuPangani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa fasihi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiongoza kikundi cha maigizo cha vijana hapa Pangani. Mwaka jana shirika moja lilitupa fedha ili tuandae mchezo kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Tuliuandaa kwa bidii. Alikuwamo mkata mikoko mlevi, mke wake mwenye busara, na ofisa wa mazingira aliyekuja na suluhisho mkobani, na mwishoni vijana wote walisimama mbele wakapaza sauti, "Tupande mikoko, tuokoe pwani yetu!" Makofi yakapigwa, picha zikapigwa, taarifa ikaandikwa. Tulipokuwa tukikunja mikeka, bibi mmoja ambaye amechokoa pweza tangu utotoni alinishika mkono akaniambia, bila hasira yoyote, "Mwanangu, mmetufundisha tunayoyajua. Yanayotuamsha usiku hamkuyasema."

Maneno hayo yananisumbua hadi leo, kwa sababu najua alichokuwa akikisema. Ukipanda mashua kutoka hapa hutakawia kufika Maziwe. Wazee wanakikumbuka kisiwa chenye mivinje mirefu, ambako kasa walipanda kutaga mayai. Miti ikaisha, mchanga ukakosa cha kuushika, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu tu, linaloonekana maji yakipwa na kuzama bahari ikijaa. Vijana wangu wanapajua kuwa ni mahali pa kupigia picha. Huku kwetu nako, baadhi ya visima vilivyokuwa vya maji baridi vimeingia munyu. Nimewahi kumwona jirani yangu alfajiri akiteka ndoo ya kwanza, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema, akasimama kidogo akiwa ameshika kamba, kisha akaitumbukiza ndoo tena. Kitendo chote hakikuchukua hata dakika moja. Nilitamani kukitia katika mchezo wetu nikakosa pa kukiweka, kwa sababu hakikuwa na "ujumbe".

Wazee wetu wana neno jakamoyo, ile hali ya moyo kutotulia kwa kungoja jambo baya lisilojulikana litaingilia mlango gani. Naomba kujua waandishi wa riwaya na tamthiliya wa siku hizi, wa kwetu na wa kwingine, wanalibebaje jakamoyo la namna hii, na jukwaa linawezaje kuonyesha hofu ambayo adui yake haonekani na haingii akatoka kama wahusika wengine.

Kurasa (Nairobi) alijibu:

Mwalimu, asante kwa kulieleza jambo hili kwa uwazi, na ujue kwamba kilichokushinda wewe kimewashinda hata mabingwa. Mwandishi wa India Amitav Ghosh, katika kitabu chake cha mwaka 2016 kiitwacho The Great Derangement, anasimulia jinsi mnamo Machi 1978, akiwa kijana mjini Delhi, alivyonusurika tufani ya kuzunguka iliyopita ghafla mitaani na kuua watu. Kwa miaka mingi alijaribu kuitia katika riwaya na hakuweza, kwa kuwa kila alipoiandika ilionekana kama kisa kilichotiwa chumvi. Kutokana na hilo anatoa hoja nzito: kwamba riwaya ya kisasa ilikua katika zama zilizoamini kuwa siku hufanana, kwamba mabadiliko ya ardhi na bahari ni ya polepole mno kumhusu mhusika, na kwamba kazi ya mwandishi ni kusimulia ndoa, ajira na siri za nyumbani huku mito na mawingu vikibaki pazia la nyuma. Ulimwengu ulipoanza kutenda mambo yasiyotarajiwa, riwaya hiyo haikuwa na pa kuyaweka, nayo yakasukumwa kwenye hadithi za kubuni za kisayansi.

Ongeza hapo hoja ya mwanazuoni Rob Nixon ya mwaka 2011, ambaye anazungumzia ukatili wa polepole, yaani madhara yanayojikusanya kidogo kidogo kwa miaka na kuwaangukia zaidi maskini, bila kuwa na siku moja ya kuhesabiwa kuwa siku ya maafa. Maziwe yako ni mfano kamili. Hakuna tarehe ambayo mtu angeweza kusema, "Leo kisiwa kimekufa, tukazike."

Hata hivyo sikubali kwamba tatizo la Ghosh ni letu kwa ukamilifu wake. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alianza na riwaya za uhalisia zinazojulikana sana, kisha akaiacha njia hiyo kwa makusudi na kuandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba ambamo mtu anatembea katika nchi isiyo na jina, na katika kile cha pili dunia imekwisha kuteketea na anayesalia anatafuta pa kuanzia. Wapo wasomaji walioona humo hofu ya bomu la nyuklia. Ninapovisoma leo na wanafunzi wangu, wao wanaona ukame, na sidhani kwamba wamekosea, kwani maandishi ya aina hiyo huacha nafasi kila kizazi kiingize hofu yake. Fasihi yenye mashetani, mizimu na wanyama wanaosema haikuwahi kuamini kwamba siku zote hufanana.

Ila kuna bei. Katika nchi isiyo na jina, bibi yako hatakiona kisima chake. Ndiyo maana, Mwalimu, ninapotafuta mfano wa kukupa naishia mahali ambapo wengi hawapaiti fasihi, yaani hotuba ya Wangari Maathai mjini Oslo mnamo Desemba 2004, alipopokea Tuzo ya Nobeli ya Amani. Karibu na mwisho anakumbuka kijito kilichopita jirani na kwao, ambako alitumwa na mama yake kuteka maji. Akicheza kati ya majani ya nduma aliona ndani ya maji nyuzi za mayai ya vyura akadhani ni shanga, na kila alipotia vidole vyake vidogo chini yake ili azichukue, zilikatika. Baadaye akawaona viluwiluwi. Halafu anasema kwamba baada ya zaidi ya miaka 50 kijito kimekauka. Hapo hatumsikii akitaja kiwango cha joto. Tunabaki na vidole vya mtoto na shanga zisizoshikika, na tunaelewa kilichopotea kwa sababu kwanza tumekigusa.

Jirani yako aliyeonja maji kwa kiganja ni wa ukoo mmoja na mtoto huyo. Ungeanza naye yeye, ukamwacha ofisa wa mazingira nje ya mlango.

Mtazamaji (Berlin) alijibu:

Mwalimu, nakusalimu kutoka Ujerumani, ambako nimeishi miaka mingi na ambako jioni zangu nyingi huishia katika kumbi za maigizo. Nitajibu upande wa tamthiliya, maana huko jambo hili limepamba moto, na baadhi ya mbinu zao zinaweza kukufaa ingawa maisha yao si yako.

Ipo tamthiliya ya Mwingereza Duncan Macmillan iitwayo Lungs, yaani Mapafu, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2011. Ina watu wawili tu, mwanamume na mwanamke, wanaojadili kama inafaa wazae mtoto katika dunia inayochemka. Mwanamke anapiga hesabu kwamba mtoto mmoja atakuwa na mzigo wa tani 10,000 za hewa ukaa, uzito wa mnara wa Eiffel, na kwamba yeye atakuwa anauzaa mnara huo. Mwandishi ameagiza kusiwe na samani, vifaa, mabadiliko ya mavazi wala taa za kuonyesha kwamba muda umepita. Sentensi moja iko dukani, inayofuata iko kitandani, na kuelekea mwisho miaka inakimbia mpaka uzee ndani ya dakika chache. Kwa maneno mengine, ule upole wa madhara anaoutaja Kurasa umewekwa katika mwendo wa mazungumzo yenyewe, hivyo mtazamaji anashtuka kugundua kwamba maisha mazima yamepita huku watu wakijadiliana.

Mwaka 2013 mwongozaji Katie Mitchell aliiandaa tamthiliya hiyo hapa Berlin, katika ukumbi wa Schaubühne, kwa jina la Atmen, ambalo maana yake ni kupumua. Waigizaji wote wawili walikaa juu ya baiskeli zilizofungwa chini, na nyuma yao wakawepo waendeshaji wengine, na umeme wa onyesho ukatokana na miguu yao. Fikiria, Mwalimu, unamsikiliza mtu akizungumzia mapenzi huku unamwona anahema na kutoka jasho, na unajua kwamba akichoka taa itafifia. Hofu haikuhitaji kutajwa, kwa kuwa ilikuwa katika pumzi zao.

Caryl Churchill yeye alipita njia tofauti katika Escaped Alone, iliyoanza kuonyeshwa London mwaka 2016. Wanawake wanne wa umri wa bibi yako wamekaa uani wakinywa chai na kuzungumza mambo ya kawaida, majirani, maduka na wajukuu. Kila baada ya muda mmoja wao, Bi Jarrett, anasimama peke yake gizani na kusimulia kwa sauti tulivu maafa yaliyoikumba dunia, mengine ya kutisha na mengine ya ajabu kabisa, kama njaa iliyoanza pale asilimia 80 ya chakula ilipoelekezwa kwenye vipindi vya televisheni. Kisha taa za uani zinawaka na mazungumzo yanaendelea kutoka pale yalipokatika. Kila mmoja ana hofu yake ya siri, na yuko hata anayeogopa paka kupita kiasi, na hofu ndogo hizo zinakaa kiti kimoja na ile kubwa bila kuzozana. Mimi naona hapo ndipo ulipo ukweli wa jakamoyo: mtu anamimina chai huku dunia inaungua, na chai lazima imiminwe.

Mwaka huohuo na mjini humohumo ilianza The Children ya Lucy Kirkwood, kuhusu wahandisi wa nyuklia waliostaafu wanaoishi karibu na mtambo ulioharibika, na mwenzao anayewajia kuwataka warudi kuusafisha ili vijana waliomo waokolewe. Hiyo inauliza deni la wazee kwa watoto, swali ambalo hapo Pangani lingewaka moto kuliko London.

Jambo moja limenivutia nilipokuwa nikiandika. Mwaka 2009, kabla ya Mapafu na kabla ya Kupumua, Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza filamu fupi kuhusu watu wanaoishi wakiwa wamejifungia ndani baada ya vita vya maji, wakisafisha hadi jasho lao ili walinywe, na akaipa jina la Kiswahili, Pumzi. Wasanii wa nchi mbili, bila kuwekeana ahadi, walikimbilia kiungo kimoja cha mwili. Nadhani ni kwa sababu hewa ndiyo mali ambayo mtu hawezi kuahirisha kuitumia hadi kesho.

BintiWaIsiolo alijibu:

Mwalimu, nimewasoma kaka zangu wawili kwa heshima, na nimejifunza. Lakini kuna kitu kimenikaa kooni.

Wahusika wa Lungs wana jakamoyo kwa sababu bado wana kitu cha kupoteza. Wanaogopa kijacho. Huku kwetu Isiolo, kaskazini mwa Kenya, kati ya mwaka 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Nilimwona mjomba wangu akimnyanyua ng'ombe wake wa mwisho kwa mkia kila asubuhi, akisaidiwa na wanawe wawili, kwa sababu ng'ombe aliyelala hawezi kuamka mwenyewe na asipoamka hafiki jioni. Walimnyanyua siku tisa. Ya kumi hakunyanyuka, na mjomba akaketi kando yake hadi jua likatua. Hali hiyo haiitwi jakamoyo. Ina neno lake, kihoro, yaani uchungu wa mtu aliyekwisha kupotelewa na alichokithamini. Bibi wa Pangani anayeukumbuka mvinje wa Maziwe ana kihoro cha jana na jakamoyo la kesho katika kifua kimoja, na tamthilia itakayomwonyesha akiwa na hofu peke yake itakuwa imemgawa nusu.

La pili, ule mchezo wako wa kwanza ulikuwa na kosa zito kuliko kuwa hotuba. Ulimshtaki mkata mikoko. Michezo mingi ya aina hii inayofadhiliwa humfanya maskini mwenye panga kuwa mhalifu, na wanaotoa moshi mwingi hawana hata mhusika wa kuwawakilisha. Ken Saro-Wiwa wa Nigeria, mwandishi wa riwaya na wa tamthilia za televisheni, alitaja wazi ni nani anayechimba mafuta katika ardhi ya Waogoni na nani anayebaki na mito michafu, na tarehe 10 Novemba 1995 serikali ya kijeshi ikamnyonga pamoja na wenzake wanane. Simwombi mtu yeyote ajiweke hatarini, ila nakumbusha kwamba fasihi ya mazingira katika bara letu ilianza kwa kuuliza nani alifanya. Hata katika Kigogo ya Pauline Kea (2015), uchafu wa soko la Chapakazi hauachwi uning'inie hewani, maana kuna mtawala anayelifunga soko na anayekitaka kiwanja chake ajenge hoteli. Inasikitisha kwamba tulipokuwa tukiifundisha shuleni swali hilo tulilisaga hadi likabaki mstari mmoja wa mtihani, "maudhui: uharibifu wa mazingira", pamoja na alama mbili.

Na kwa kweli huna haja ya kwenda mbali. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, inafunguliwa na wanawake wanaozungumzia njaa, huku wanaume wao wakiwa wamechukuliwa kulima pamba ya mkoloni. Ardhi ya chakula imefanywa ardhi ya pamba, na hapo ndipo vita vya Majimaji vinapoanzia. Mto Rufiji humo una nguvu zake: Kinjeketile anaingia majini, watu wanamngoja, naye anatoka akiwa mkavu. Huo ni mfano wa maji ambayo ni mhusika, yenye siri na yenye uwezo wa kuwadanganya watu. Swali langu kwako ni hili: katika mchezo wako, maji ya munyu yanataka nini?

FundiJukwaa (Bagamoyo) alijibu:

Mwalimu, mimi si mtu wa maneno mengi. Usimwambie mwigizaji aseme kwamba maji yana chumvi. Mpe beseni, kanga chafu na kipande cha sabuni, afue mbele ya watu kwa maji ya kisima chenyewe. Mama yeyote wa pwani aliyekaa mkekani ataona kwamba povu halitoki, tena ataliona kabla ya wanaume. Usiweke muziki hapo.

MwalimuPangani alijibu:

Ndugu zangu, nimesoma majibu yenu mara tatu, na mara ya mwisho nimewasomea vijana kwa sauti tukiwa tumekaa chini ya mwembe.

Binti wa Isiolo, pole sana kwa msiba wa mjomba. Shtaka lako nimelikubali. Mkata mikoko tuliyemcheka jukwaani ana mfano wake hapa mtaani, naye alikuwa amekaa safu ya tatu siku ile pamoja na watoto wake. Juzi nilikwenda kwake nikamwomba radhi. Akaniambia kwamba mbao zile hazitumii yeye, akanitajia bei anayolipwa kwa nguzo moja, na akanieleza zinapelekwa wapi kujengewa. Kijana mmoja wa kikundi aliandika kila neno, na sasa mhusika huyo anarudi mchezoni akiwa na kauli yake mwenyewe, wala si mlevi tena.

Kuhusu swali la maji kutaka nini, binti mmoja wa miaka 16 alijibu kabla yangu. Alisema, "Yanataka kuingia ndani, kama mgeni aliyekwisha kubisha hodi mara nyingi." Tumekubaliana kwamba hodi itasikika mchezo mzima kutoka nyuma ya watazamaji, na kwamba wahusika wataendelea na shughuli zao, wakiitikia mara moja moja "karibu" bila kugeuka, kama wale wanawake wa uani walioendelea na chai yao.

Fundi, jana tulijaribu la sabuni kwa maji ya kisima cha jirani, naye mwenyewe alikuja kutazama. Binti alifua kimya. Sabuni ilikuwa ikiacha utando mweupe juu ya maji na kunata kwenye kanga, naye alizidi kusugua, akabadilisha upande wa kipande, akasugua tena. Kwa dakika ya kwanza vijana walicheka kidogo. Dakika ya pili wakanyamaza. Kabla ya ya tatu kwisha, jirani yangu aliinuka kutoka kwenye benchi, akaingia katika nafasi ya kuigizia bila kuitwa, akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akaipokea kanga na kuanza kumwonyesha binti jinsi wao wanavyofanya siku hizi: kusuuza kwanza kwa maji machache ya mvua yaliyohifadhiwa pipani, halafu ndipo sabuni. Alikuwa akieleza polepole, na katikati ya maelezo akasema kwamba pipa la mwaka huu halikujaa.

Nimemwomba awemo mchezoni. Amesema atafikiri, na kwamba kwa vyovyote vile tusipange onyesho siku za bamvua, kwa sababu siku hizo anakesha akitazama maji yamefika wapi.